Goti lililoharibika: nini daktari mpasuaji anaweza kutengeneza, na nini hawezi

Katika makanisa yetu mengi ya mashariki, matangazo ya mwisho wa ibada huleta ombi la mchango kwa ajili ya mgonjwa. Leo ni mama aliyebeba makaa na mihogo mgongoni kwa miaka mingi, na sasa hawezi kushuka mlima bila kushikwa mkono. Juma lijalo ni kijana aliyeanguka na pikipiki. Familia inasema, "Tumeambiwa apasuliwe goti." Waamini wanatoa walicho nacho, na wanatoa kwa upendo.

Lakini ni wachache kati yetu wanaojua goti hilo litafanyiwa nini. Kwa sababu hiyo makosa mawili hutokea. Familia inauza shamba ili kulipia upasuaji usioweza kumsaidia mgonjwa wake. Na upande mwingine, mtoto mwenye goti la moto na homa anabaki nyumbani akikandwa kwa majani, wakati alipaswa kufika hospitali siku ileile.

Tunaandika makala hii ili wachungaji, mashemasi, viongozi wa akina mama na familia waelewe kazi ya daktari mpasuaji anapokutana na gegedu lililoharibika. Haichukui nafasi ya daktari. Inasaidia tu kumwuliza maswali yanayofaa kabla ya feza kutoka mfukoni.

Gegedu ni nini

Ukila kuku utaliona: ile ngozi nyeupe, laini na yenye kung'aa inayofunika mwisho wa mfupa wa paja. Ndilo gegedu; madaktari wetu wanaliita kartilaji. Katika goti la mtu linafunika mwisho wa mfupa wa paja, kichwa cha mfupa wa muundi, na upande wa ndani wa kile kifupa cha mbele ya goti. Unene wake kwa kawaida ni milimita 2 hadi 4 tu. Zaidi ya nusu ya uzito wake ni maji, na ute wa goti unalilainisha hata mifupa inateleza bila kusuguana.

Kazi yake ni kubwa. Mtu akitembea mahali pa tambarare, goti linabeba uzito wa mwili wake mara 2 hadi 3 kwa kila hatua. Mama mwenye kilo 60, akiweka mgongoni mzigo wa kilo 40, anakuwa kama mtu wa kilo 100. Kila hatua inaweza kuweka kilo 200 au 300 juu ya gegedu lake. Barabara ikiwa ya mlima, kama ilivyo Bukavu na sehemu nyingi za Masisi na Lubero, kazi inaongezeka.

Mbali na gegedu hilo, goti lina vipande viwili vyenye umbo la mwezi mchanga vilivyolala kati ya mifupa. Vinaitwa menisko. Vinasambaza uzito ili usigandamize mahali pamoja.

Jambo la kushika ni hili: gegedu linalofunika mfupa halina mishipa ya damu wala mishipa ya fahamu. Kwa kuwa halina fahamu, linaweza kuanza kuharibika bila mtu kusikia maumivu. Na kwa kuwa halina damu, haliwezi kujiponya kama ngozi au mfupa. Tayari mwaka 1743 daktari William Hunter, Mskoti aliyefanya kazi London, aliandika kwamba gegedu likishaharibika halirudi. Tangu siku hizo upasuaji umeendelea sana, lakini hakuna mpasuaji aliyeweza kuotesha tena gegedu la kwanza katika goti zima lililochakaa.

Kwa hiyo, mpasuaji akikuambia atatengeneza goti, anamaanisha mojawapo ya mambo matano: kulisafisha, kurudisha kipande mahali pake, kujaza shimo, kuhamisha uzito, au kubadilisha goti lote. Kila moja lina mgonjwa wake. Tutayaangalia kwa utaratibu huo, baada ya kuona namna ya kujua ugonjwa wenyewe.

Daktari anajuaje

Kwetu watu wengi huita kila maumivu ya goti "rumatisimu". Lakini sababu ni nyingi: kuchakaa kwa miaka, ajali ya pikipiki au ya mpira, mguu uliopinda tangu utoto, risasi, au vijidudu vilivyoingia ndani ya kiungo. Dawa ya moja si dawa ya nyingine.

Daktari mzuri anaanza kwa kuuliza na kwa mikono yake. Goti lilivimba lini? Linakwama lisinyooke? Linamwangusha mgonjwa ghafla? Kisha inafuata picha ya radio. Hapa tunawaomba mwangalie jambo dogo lenye faida kubwa: kwa goti linaloshukiwa kuchakaa, picha inafaa ipigwe mgonjwa akiwa amesimama. Gegedu halionekani kwenye radio. Kinachoonekana ni nafasi kati ya mifupa miwili. Mgonjwa akilala, nafasi hiyo inaweza kuonekana nzuri ingawa gegedu limekwisha. Akisimama, uzito unaifunga nafasi hiyo na ukweli unaonekana.

Picha ya IRM inaonyesha gegedu lenyewe na menisko, lakini ni ya bei, na wagonjwa wetu wengine huvuka mpaka hadi Kigali au Kampala kuitafuta. Kwa mtu mzima ambaye radio ya kusimama imeonyesha wazi kwamba gegedu limekwisha, IRM mara nyingi haibadilishi matibabu. Uliza kwanza: "Daktari, picha hii itabadilisha uamuzi gani?"

Njia ya mwisho ya kuona ni artroskopia: daktari anaingiza kamera nyembamba kama kalamu kupitia tundu dogo kwenye ngozi. Mjapani Kenji Takagi alichungulia ndani ya goti la maiti huko Tokyo mwaka 1918, na mwanafunzi wake Masaki Watanabe ndiye aliyefanya chombo hicho kiwe cha kazi ya kila siku. Kwa kamera daktari anapima uharibifu kwa daraja 4. Daraja la 1 gegedu limelegea tu. La 4 limekwisha na mfupa uko uchi.

Kabla ya kisu

Kwa goti lililochakaa, matibabu ya kwanza si upasuaji. Ni mazoezi ya kutia nguvu msuli wa mbele wa paja, kupunguza mzigo, na dawa kwa kipimo. Zoezi moja halihitaji mashine: kaa kwenye kiti, nyoosha mguu hadi uwe sawa, ushikilie huku ukihesabu hadi tano, uteremshe polepole. Fanya mara kumi kwa kila mguu, asubuhi na jioni. Msuli wenye nguvu unabeba sehemu ya kazi ya goti. Mtaalamu wa kineziterapia atafundisha mengine.

Kwa aliyenenepa, kupunguza uzito kunasaidia kuliko watu wanavyodhani. Utafiti wa Marekani uliotolewa mwaka 2005 ulionyesha kwamba kila kilo moja inayopungua mwilini inaondoa kama kilo nne juu ya goti katika kila hatua. Kwa mama anayebeba mizigo, dawa hiyohiyo ina sura nyingine: kugawa mzigo katika safari mbili, au kuusukuma kwa chukudu badala ya kuubeba mgongoni. Hili familia na kanisa wanaweza kulipanga bila daktari.

Tunatoa onyo juu ya mambo matatu. La kwanza ni diklofenaki na ibuprofeni zinazomezwa miezi na miezi bila kuandikiwa. Zinaweza kutoboa tumbo na kuharibu figo. La pili ni deksametazoni na prednisoloni zinazouzwa barabarani. Maumivu yanapungua upesi, kisha zinapandisha sukari na kudhoofisha mifupa. Hata sindano za jamii hiyo ndani ya goti hazipaswi kurudiwarudiwa: utafiti uliotangazwa mwaka 2017 uliwafuata wagonjwa 140 kwa miaka miwili, wengine wakichomwa kila miezi mitatu, na waliochomwa walipoteza gegedu zaidi bila kupungukiwa maumivu kuliko wenzao. La tatu ni vidonge vya glukosamini vinavyouzwa hata kwenye viwanja vya makanisa kwa ahadi ya kurudisha gegedu. Vilijaribiwa Marekani kwa wagonjwa zaidi ya 1500, na matokeo yaliyotangazwa mwaka 2006 yalionyesha kwamba kwa jumla havikushinda vidonge visivyo na dawa.

1. Kusafisha goti

Hapa ndipo feza nyingi hupotea, na hapa pia ndipo maisha huokolewa. Tutenganishe mambo mawili.

Zamani madaktari waliosha magoti yaliyochakaa kwa maji na kulainisha gegedu lililochanika, wakiamini maumivu yataisha. Mwaka 2002 madaktari wa Houston, Marekani, walitangaza jaribio lao kwa wagonjwa 180. Kundi moja liliosháwa goti, jingine likalainishwa gegedu, na la tatu lilichanjwa ngozi tu na kushonwa bila kufanyiwa kitu ndani. Wagonjwa hawakujua wamo katika kundi gani. Kwa miaka miwili makundi yote matatu yalikuwa sawa. Majaribio mengine yalithibitisha jambo hilo. Kwa hiyo mtu akiambiwa auze ng'ombe ili goti lake lililochakaa likaoshwe, tunamsihi aulize daktari wa pili.

Lakini goti lililoambukizwa ni jambo lingine kabisa. Dalili ni hizi: goti linavimba kwa siku chache, ni la moto, mgonjwa ana homa, na hataki kulisogeza hata kidogo, mtoto anakataa kukanyaga. Usaha unaweza kula gegedu kwa siku chache tu. Mgonjwa huyo anahitaji hospitali siku ileile: maji ya goti yachotwe kwa sindano na kupimwa, antibiotiki ianze, na mpasuaji afungue na kuosha. Msikande, msichanje, msisubiri maombi ya siku tatu kwanza. Ombeni njiani, mkiwa mnampeleka.

Kusafisha kunafaa pia pale kipande kilichovunjika kinapoelea ndani ya goti na kulikwamisha, au risasi inapobaki ndani ya kiungo. Risasi iliyo katika nyama mara nyingi huachwa bila madhara. Iliyo ndani ya goti haifai kuachwa, kwa sababu ute wa goti unayeyusha risasi polepole. Inaharibu gegedu na inaweza kutia sumu mwilini hata baada ya miaka. Ndugu zetu waliojeruhiwa katika vita na wanaosikia maumivu ya goti wamwambie daktari habari hiyo.

2. Kurudisha kipande mahali pake

Mtu akianguka na pikipiki, kichwa cha mfupa wa muundi kinaweza kupasuka na kubonyea pamoja na gegedu lililo juu yake. Mpasuaji anainua sehemu iliyobonyea, anajaza pengo la chini kwa mfupa, na kuifunga kwa sahani ya chuma na misumari. Shabaha yake ni uso wa goti uwe sawa tena. Ukibaki na ngazi, gegedu la juu litasuguliwa kila hatua, na baada ya miaka kijana atakuwa na goti la mzee.

Kwa hiyo tunasema kwa heshima: ndugu wanaounga mifupa kienyeji wana uzoefu wa mifupa iliyovunjika katikati, lakini mkono hauwezi kuona ndani ya kiungo. Goti lililovimba mara moja baada ya ajali lipigwe picha katika siku za kwanza. Baada ya majuma kadhaa mfupa unakuwa umeshikana vibaya, na kazi inakuwa ngumu mara mbili.

Kipande cha gegedu kilichong'oka na mfupa kidogo kinaweza kurudishwa na kufungwa kwa msumari mdogo, hasa kwa vijana na kama hakijakaa muda mrefu. Menisko nayo, ikiwa imechanika kwenye ukingo wa nje ambako damu inafika, inaweza kushonwa. Zamani waliondoa menisko yote bila wasiwasi, hata mwaka 1948 daktari Mwingereza T. J. Fairbank alipoonyesha kwa picha za radio kwamba magoti hayo yanabadilika na kuchakaa. Tangu hapo wapasuaji wamejifunza kuacha kila sehemu inayoweza kuachwa. Swali la kuuliza ni: "Mtashona au mtaondoa? Na mkiondoa, ni kiasi gani?"

3. Kujaza shimo

Njia hizi ni za mtu mwenye umri mdogo, ambaye goti lake ni zima isipokuwa mahali pamoja palipong'oka gegedu. Hazimfai aliyechakaa goti zima. Tunalirudia jambo hilo kwa sababu wengi huonyeshwa kwenye simu video za "kuotesha gegedu" na kudhani ni kwa kila mtu.

Ya kwanza ni kutoboa mfupa. Daktari Richard Steadman wa Vail, Marekani, aliieneza tangu miaka ya 1980. Mpasuaji anasafisha kingo za shimo, kisha anatoboa vitundu vidogo kwenye mfupa, kimoja kwa umbali wa milimita 3 au 4 kutoka kingine. Damu na uboho vinapanda, vinaganda, na kovu gumu linajaza shimo. Kovu hilo linafanana na gegedu lakini si imara kama la kwanza. Linafaa zaidi kwa shimo dogo, kama sentimita mraba 2 au chini yake. Wagonjwa wengi wanasikia nafuu miaka ya kwanza, na kwa wengine nafuu inapungua baadaye. Vyombo vyake si vya gharama kubwa, lakini masharti yake ni makali: mara nyingi majuma 6 hadi 8 ya magongo bila kuweka uzito, goti likikunjwa na kunyooshwa kila siku.

Ya pili ni kupanda vigingi. Daktari László Hangody wa Hungaria aliianza mwaka 1992. Anachukua vigingi vidogo vya mfupa vyenye gegedu juu yake kutoka sehemu ya goti isiyobeba uzito mwingi, na kuvipanda katika shimo kimoja kando ya kingine, kama mawe ya sakafu. Hili ni gegedu la kweli, la mgonjwa mwenyewe. Lakini akiba ni ndogo, na pale lilipotolewa panaweza kuuma. Katika nchi zenye benki za viungo wanatumia pia vipande vya watu waliofariki.

Ya tatu ni kukuza chembe hai. Huko Göteborg, Uswidi, Lars Peterson na Mats Brittberg walimtibu mgonjwa wa kwanza mwaka 1987, na mwaka 1994 walitangaza habari za wagonjwa 23. Wanachukua kipande kidogo cha gegedu, wanakuza chembe zake maabarani kwa majuma kadhaa, kisha wanafanya upasuaji wa pili wa kuzipanda kwenye shimo. Inahitaji maabara maalumu, na bei yake ni ya juu hata kwa nchi tajiri.

Msichanganye kazi hiyo na sindano za "chembe mama" zinazotangazwa kama tiba ya magoti yote. Hazijathibitishwa kurudisha gegedu, na wakuu wa dawa wa Marekani wamewaonya raia wao juu ya zahanati zinazoziuza bila kibali. Anayeahidi kuponya kila goti kwa sindano moja, tumwogope.

4. Kuhamisha uzito

Njia hii haitangazwi sana, lakini kwa watu wa kazi nzito kama wetu inastahili kujulikana. Mara nyingi goti linachakaa upande mmoja, hasa wa ndani, na mguu unapinda kama upinde. Mpasuaji anakata mfupa wa muundi chini kidogo ya goti, anaunyoosha kwa kufungua pembe ndogo, na kuufunga kwa sahani ya chuma. Gegedu lililokwisha halirudi. Ila uzito sasa unapita upande wa pili, ambao gegedu lake bado ni zima.

Inafaa kwa mtu asiyefika miaka 60, mwenye goti linalokunjika vizuri, aliyechakaa upande mmoja tu, na anayetaka kurudi shambani au kwenye useremala. Mfupa unashikana kwa muda wa miezi mitatu hivi. Kwa wengi nafuu inadumu miaka kumi au zaidi, na goti linabaki la mtu mwenyewe: analikunja, analipigia magoti. Sigara inachelewesha mfupa kushikana. Mvutaji aache kabla.

5. Kubadilisha goti

Gegedu likiwa limekwisha pande zote, maumivu yanamnyima mtu usingizi, na dawa na mazoezi vimeshindwa, ndipo unakuja upasuaji wa kuweka goti la chuma na plastiki ngumu. Sura tunayoijua leo ilipatikana miaka ya 1970. Goti alilolibuni John Insall na wenzake New York, lililoanza kutumika mwaka 1974, likawa mfano wa mengi yaliyofuata. Mpasuaji anakata miisho iliyoharibika ya mifupa na kuifunika kwa chuma, na kati yake anaweka plastiki inayoteleza.

Kwa maumivu ya goti lililokwisha, hakuna njia yenye nguvu kuliko hii. Hesabu zilizokusanywa na kutangazwa mwaka 2019 zilionyesha kwamba kama magoti 82 kati ya 100 yanadumu miaka 25. Lakini hesabu hizo zilitoka katika nchi tajiri zinazofuatilia wagonjwa wao kwa daftari la taifa. Hata huko, mtu 1 au 2 kati ya 100 hupata maambukizi kwenye goti jipya, na kuyatibu kunaweza kuhitaji upasuaji mwingine mmoja au miwili. Ndiyo maana usafi wa chumba cha upasuaji na uwezekano wa kurudi kwa daktari huyohuyo ni jambo la kupima kabla ya kusafiri mbali.

Kuna mambo mawili ambayo wagonjwa wetu huyagundua wakiwa wamechelewa. Goti la chuma kwa kawaida halikunjiki hadi mwisho, kwa hiyo kuchuchumaa kwenye choo cha shimo kunakuwa shida. Tengenezeni kiti cha choo kabla mgonjwa hajarudi. Pia wengi wanaona vigumu kupiga magoti. Mama aliyezoea kuomba akiwa amepiga magoti na aambiwe mapema kwamba Mungu anasikia pia anayeomba akiwa ameketi, na wengine kanisani wasimtazame vibaya.

Baada ya upasuaji

Mpasuaji anafanya kazi saa moja au mbili. Mgonjwa anafanya kazi miezi. Bila kukunja na kunyoosha, goti linakakamaa. Akikanyaga mapema kuliko alivyoruhusiwa, kilichofungwa kinaachia. Kidonda kikitoa maji au usaha, au ndama ya mguu ikivimba na kuuma, au pumzi ikikatika ghafla, arudi hospitali bila kungoja siku ya rendevu.

Mashariki yetu ina watu wa kazi hii. HEAL Africa ya Goma ilianzishwa na daktari wa mifupa, Jo Lusi, pamoja na mke wake Lyn. Hospitali ya CBCA Ndosho, pia Goma, imepokea majeruhi wengi wa vita, na timu za upasuaji za CICR zimefanya kazi humo. Shirika la Umoja huko Goma na Heri Kwetu huko Bukavu ni vituo vinavyowasaidia wenye ulemavu kupata mwendo tena. Daktari anaweza kuhama na mashine inaweza kuharibika, kwa hiyo pigeni simu au tumeni mtu kuuliza kabla ya kumsafirisha mgonjwa.

Maswali ya kuuliza kabla ya kuchanga

Tunashauri kamati ya huduma ya kila kanisa iende na familia kwa daktari ikiwa na maswali haya:

1. Gegedu limeharibika mahali pamoja au goti zima? Tunaweza kuona picha aliyopigwa akiwa amesimama?
2. Katika njia tano, mnataka kufanya ipi, na kwa nini hiyo?
3. Mgonjwa akifanya mazoezi na kupunguza mzigo kwa miezi mitatu bila upasuaji, kuna hatari gani?
4. Ninyi wenyewe mmefanya upasuaji huu mara ngapi?
5. Bei ni ya nini na nini? Dawa, magongo, kineziterapia na safari za kurudi vimo ndani?
6. Atakaa majuma mangapi bila kukanyaga, na atarudi lini kazini?
7. Goti likiambukizwa, nani atalitibu, na wapi?

Daktari wa kweli hakasiriki kwa maswali haya. Anafurahi kuona mgonjwa wake ana watu.

Swali la sita ndilo linaloligusa kanisa zaidi. Mama akikaa majuma nane bila kukanyaga, nani atamchotea maji? Nani atamlimia kabla mvua haijapita? Upasuaji mzuri unaharibika nyumbani kwa sababu siku ya kumi mgonjwa aliona watoto wana njaa, akaweka gongo chini na kwenda shambani. Kanisa likichanga feza yote kwa ajili ya hospitali na kusahau majuma hayo, limejenga nyumba bila paa.

Injili ya Marko inasimulia habari za mtu aliyepooza, aliyeletwa kwa Yesu na watu wanne waliomchukua hadi juu ya nyumba. Majina yao hayakuandikwa. Kila kanisa letu linaweza kuwaandika wanne wake: wa maji, wa shamba, wa chakula, na wa kumshika mkono wakati wa mazoezi. Wapangwe Jumapili ileile mchango unapotangazwa, kabla mgonjwa hajaingia hospitali.